Marner, Kadri, Hyman: Toronto ilikosea kwa nani?

SWALI: Assalaam aleikum kaka. Sisi ni watu wa Tanga, tunaishi Scarborough. Nyumbani kwangu hakukaliki kwa ajili ya hoki. Baba watoto anasema Maple Leafs walijimaliza wenyewe siku walipomwachia Nazem Kadri, halafu wakarudia kosa kwa Zach Hyman. Kijana wangu wa miaka 14 anasema kosa kubwa ni kumwacha Mitch Marner aende Las Vegas. Rafiki yake wa shule anamjibu kwamba Marner alichelewa kuondoka. Mimi mpira wa miguu naujua, nimekulia kwenye nyumba ya Coastal Union, lakini hapa kuna jambo linanishinda: timu tajiri kama hii, uwanja unajaa kila mechi, kwa nini isingewalipa wote wakabaki? Na kati ya hawa watu wangu, nani mwenye haki?

JIBU: Waaleikum salaam dada yangu. Nitatoa hukumu kwanza, sababu zifuate. Kuhusu Kadri, shemeji ana haki, tena haki kubwa. Kuhusu Hyman hana, ingawa uchungu wake naujua. Mpwa wangu amekosea juu ya Marner. Aliyepatia ni yule rafiki yake wa shule. Marner alichelewa kuondoka, na huko kuchelewa naweza kukuonyesha hadi tarehe.

Ila swali lako la pesa ndilo linalobeba mengine yote, kwa hiyo tuanzie hapo.

Kwenye mpira wetu, klabu ikipata tajiri mambo yamekwisha. Anafungua pochi, anayetakiwa analetwa, anayetaka kuondoka anaongezwa mshahara. Ligi ya hoki ya Amerika Kaskazini, NHL, haiko hivyo tangu msimu wa 2004–05. Mwaka ule wenye timu waliwafungia wachezaji milango, mazungumzo yakavunjika, msimu mzima ukafutwa na Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa ligi, halikuchezewa. Ligi iliporudi, ilirudi na kikomo cha mishahara: kila timu, iwe tajiri au maskini, jumla ya mishahara ya wachezaji wake isivuke kiwango kimoja. Msimu wa 2005–06 kiwango kilikuwa dola milioni 39 za Kimarekani. Kufikia 2019–20 kilikuwa milioni 81.5. Meneja mkuu wa Toronto anapewa kiwango kilekile anachopewa mwenzake wa mji mdogo usiojaza uwanja. Utajiri wa Toronto unaweza kuleta madaktari bora, makocha wengi na viwanja vizuri vya mazoezi, lakini hauwezi kumnunua mchezaji mmoja zaidi.

Halafu hakuna ada ya uhamisho. Tunasema "Kadri aliuzwa" kwa mazoea ya mpira, lakini hakuna dola iliyoingia Toronto. Timu hubadilishana mchezaji kwa mchezaji, au mchezaji kwa haki ya kuchagua chipukizi kwenye drafti ya kila mwaka. Kwa hiyo ukimtoa mtu unabaki na vitu viwili: ulichopewa, na nafasi ya mshahara aliyoiacha. Ukitaka kupima kama kumtoa kulikuwa kosa, pima hivyo viwili, kwa yale yaliyokuwa yanajulikana siku ile. Mabao anayofunga baadaye kwingine ni ushahidi pia, lakini ni ushahidi dhaifu kuliko mashabiki wanavyoamini, na nyumba nyingi za Toronto zinagombana kwa sababu zinautegemea huo peke yake.

Kuna la tatu ambalo mtu wa mpira wa miguu huwa halioni mpaka aambiwe. Kwenye hoki mchezaji hakai uwanjani dakika zote. Wanavaa wachezaji 20 kwa mechi, makipa wawili na 18 wa mbele na nyuma, na wanapokezana zamu zisizofika hata dakika moja, kwa sababu kuteleza barafuni kwa nguvu zote kunachosha mno. Mshambuliaji bora kabisa anacheza kama dakika 20 kati ya 60. Dakika 40 zilizobaki ziko mikononi mwa watu ambao majina yao hayauzi jezi. Jumapili ukikaa na kijana wako, usimfuate mwenye kisahani, ambacho ndicho "mpira" wa hoki. Tazama ukutani, pale kwenye kamlango ka benchi, uone jinsi wanavyoruka kuingia na kutoka bila mchezo kusimama. Ukishaliona hilo utaelewa kwa nini timu yenye nyota wanne na kundi dhaifu nyuma yao inaweza kufunga mabao mengi kuanzia Oktoba hadi Aprili, halafu ikazimika mwezi wa Mei.

Sasa tuje Toronto yenyewe, kiangazi cha 2018. Tarehe 1 Julai mwaka huo John Tavares, mtoto wa huku huku, alikuja kama mchezaji huru, aliyemaliza mkataba wake, kutoka New York Islanders: miaka saba, dola milioni 77, yaani milioni 11 kwa mwaka. Mji ulishangilia, na mimi nilishangilia. Lakini tazama kilichofuata. Vijana watatu waliokuwa wakimaliza mikataba yao ya kwanza walikuwa na kipimo kipya cha kujilinganisha nacho. William Nylander aligoma hadi 1 Desemba 2018, akasaini dakika za mwisho kabla ya saa 11 jioni. Kama zingepita, asingeruhusiwa kucheza msimu ule wote. Akapata kama milioni 7 kwa mwaka. Februari 2019 Auston Matthews alisaini kwa milioni 11.6 na ushei, tena kwa miaka mitano tu, wakati sheria iliruhusu minane. Septemba 2019 Marner naye akasaini miaka sita kwa karibu milioni 10.9. Jumlisha wanne hao: zaidi ya milioni 40. Kikomo kilikuwa 81.5. Nusu ya mfuko imekwisha na bado kuna wachezaji kumi na tisa wa kulipwa.

Linganisha na Boston, walioitoa Toronto katika mtoano wa 2018, wa 2019 na tena wa 2024. Nyota wao watatu, Patrice Bergeron, Brad Marchand na David Pastrňák, kwa misimu ya 2018–19 na 2019–20 walikuwa wakilipwa kila mmoja chini ya milioni 7. Wote watatu pamoja hawakufika milioni 20. Matthews, Tavares na Marner walikuwa milioni 33 na nusu. Tofauti hiyo ya zaidi ya milioni 13 inatosha kulipa beki mzuri, kipa mzuri, na bado ikabaki ya mshambuliaji mmoja wa mstari wa tatu, yaani kundi la tatu katika kupokezana zamu. Hilo ndilo kosa ninaloliona mimi kuwa mama wa mengine yote: kwamba watu walilipwa kwa mpangilio uliowafanya waliobaki wasilipike. Kuondoka kwa Hyman, na kwa sehemu hata kwa Kadri, ni matokeo yake.

Halafu ikaja korona. Mahesabu ya Toronto yalitegemea kikomo kupanda kila mwaka kama kilivyozoea. Machi 2020 ligi ilisimama, mapato yakaporomoka, na kikomo kikagandishwa pale pale 81.5 hadi msimu wa 2021–22. Hapo siwalaumu. Hakuna aliyejua.

Haya, tuje kwa Kadri, maana hapa nataka kumtetea shemeji kwa moyo wote.

Nazem Kadri ni mzaliwa wa London, Ontario, familia yenye asili ya Lebanon, Mwislamu anayejulikana kwa dini yake. Toronto ilimchagua wa 7 kwenye drafti ya 2009. Alicheza senta, nafasi ngumu kuliko zote za mbele, na misimu miwili mfululizo, 2016–17 na 2017–18, alifunga mabao 32 kila mmoja. Mshahara wake ulikuwa milioni 4.5 kwa mwaka na mkataba ulikuwa unakwenda hadi 2022. Tatizo lilikuwa hasira. Aprili 2018, mechi ya kwanza dhidi ya Boston, alimgonga mtu vibaya akafungiwa mechi tatu. Mwaka uliofuata, Boston tena, mechi ya pili: Jake DeBrusk alimbamiza mzee Patrick Marleau kwenye ukuta, na Kadri akamwendea DeBrusk na fimbo kwa mikono miwili, akampiga usoni. Alifungiwa mechi zote zilizobaki za raundi ile. Toronto ilitolewa kwenye mechi ya saba, ya mwisho ya raundi, bila yeye, miaka yote miwili ikiishia hapo hapo, mbele ya timu ile ile.

Uongozi ulichoka. Juni 22, 2019, walianza na huyo huyo Marleau aliyepiganiwa: walikuwa wamempa miaka mitatu kwa milioni 6.25 kila mwaka akiwa na umri wa miaka 37, na sasa ili Carolina wauchukue mwaka wa mwisho wa mkataba huo, Toronto iliwapa juu yake haki ya raundi ya kwanza ya drafti ya 2020. Carolina wakaitumia kumchagua Seth Jarvis, ambaye msimu wa 2023–24 alifunga mabao 33. Siku tisa baada ya hapo, 1 Julai, Kadri akapelekwa Colorado. Kabla yake kulikuwa na mpango wa kumpeleka Calgary, lakini mkataba wake ulimruhusu kuzikataa baadhi ya timu naye akakataa. Mwenyewe alikuja kulisema hadharani. Toronto ikapata beki Tyson Barrie na mshambuliaji Alexander Kerfoot.

Pima sasa kama nilivyosema, kwa yaliyojulikana siku ile. Senta wa mabao 32, umri miaka 28, milioni 4.5, miaka mitatu imebaki. Kwa upande wa pili, beki ambaye mkataba wake ulibaki mwaka mmoja tu, na Kerfoot, mchezaji wa kazi ndogo ndogo. Barrie alicheza msimu mmoja akaondoka bure. Kerfoot naye aliondoka bure 2023. Katika timu iliyokuwa imejifunga kwa mikataba minne mikubwa, mtu wa kiwango cha Kadri kwa bei ile ndiye wa kumshika kwa mikono yote miwili, kwa sababu hakuna namna ya kumpata mwingine. Hata kama Kadri asingefunga bao lolote Colorado, biashara ile ilikuwa mbaya.

Waliomtoa wana hoja moja ya haki, na shemeji asiikimbie: hasira haikuisha. Mtoano wa 2021, akiwa Colorado, Kadri alimgonga beki wa St. Louis kichwani akafungiwa mechi nane. Lakini Colorado walimvumilia, na mwaka uliofuata akawalipa. Msimu wa 2021–22 alipata pointi 87, yaani mabao na pasi za mabao kwa pamoja, msimu bora wa maisha yake. Mei 2022, tena dhidi ya St. Louis, aligongana na kipa wao katika kugombea kisahani, kipa akaumia, na Kadri akamwagiwa vitisho na matusi ya ubaguzi kiasi cha polisi kuhusishwa. Mechi iliyofuata, ugenini, kwenye uwanja uliokuwa ukimzomea kila alipogusa kisahani, alifunga mabao matatu.

Raundi iliyofuata alivunjwa kidole gumba akafanyiwa upasuaji. Alirudi kwenye mechi ya nne ya fainali, huko Tampa, kidole bado hakijapona. Mechi ikaenda muda wa nyongeza. Alipokea kisahani kwenye mwendo, akampita beki, akapiga, na kisha ikawa kama hakuna kilichotokea. Kipa Andrei Vasilevskiy alikuwa anatazama nyuma yake, wachezaji wa pande zote mbili wamesita, hakuna taa. Kisahani kilikuwa kimepenya chini ya mkono wa kipa na kunasa juu, kwenye paa la wavu, hakikuanguka.  Colorado wakachukua kombe mechi mbili baadaye, na yeye akawa Mwislamu wa kwanza ambaye jina lake limechongwa kwenye Kombe la Stanley. Kila mchezaji wa timu bingwa hupewa siku yake na kombe. Kadri alilipeleka msikitini, London, Ontario, mwendo wa saa mbili tu kwa gari kutoka hapo kwenu. Nikisikia shemeji anakasirika kuhusu Kadri, naelewa kwamba hakasiriki kuhusu pointi peke yake.

Kwa Hyman ni hesabu tu. Alikuwa akilipwa milioni 2.25, mchapakazi wa pembeni, anayeingia kwenye kona kumpokonya mtu kisahani na kumpa nyota mbele ya goli. Julai 2021 mkataba uliisha. Umri miaka 29, goti lilishafanyiwa upasuaji, mabao mengi kwa msimu mmoja Toronto yalikuwa 21. Edmonton wakampa miaka saba kwa milioni 5.5 kila mwaka. Toronto, kikomo kimeganda na nusu ya mfuko imefungwa, ingezitoa wapi bila kumtoa mmoja wa wale wanne? Ndiyo, msimu wa 2023–24 Hyman alifunga mabao 54, na mtoano ule akaongeza 16 hadi fainali. Alikuwa akicheza pembeni ya Connor McDavid, anayetoa pasi kama hakuna mwingine duniani. Nampenda Hyman, lakini kumlaumu mtu kwa kutoona mabao 54 ndani ya mchezaji wa mabao 21 si haki. Kosa lilishatendeka 2019. Hyman ndiye aliyelipia.

Na shemeji akumbuke kwamba kumbukumbu za mashabiki zina upendeleo. Anayeondoka akang'aa hutajwa kila siku. Kipa Jack Campbell aliondoka Toronto 2022, Edmonton wakampa miaka mitano kwa milioni 5 kila mwaka, watu wakalia kwamba tumempoteza kipa. Miaka miwili baadaye Edmonton walimlipa ili aondoke. Nani anamtaja sasa? Kwa upande wa pili, yapo majeraha ya zamani ambayo ni halali kabisa kuyalilia. Kipa Tuukka Rask alichaguliwa na Toronto 2005, na mwaka mmoja baadaye, kabla hajacheza hata mechi moja ya NHL, wakampeleka Boston ili wampate Andrew Raycroft. Mwaka 2013, Toronto ilipoongoza 4–1 kwenye mechi ya saba ikafungwa 5–4, kipa wa Boston alikuwa Rask. Mwaka 2018, Rask. Mwaka 2019, Rask. Na Carter Verhaeghe, aliyekuwemo kwenye Florida iliyoitoa Toronto 2023 na 2025, alichaguliwa na Toronto 2013 akatolewa 2015 akiwa bado chipukizi. Kwa wale wawili kulikuwa na kosa la kupima vipaji, na ni kosa la aina nyingine kabisa na hili la mishahara.

Tumefika kwa Marner, na hapa naomba mpwa wangu anisikilize bila kununa.

Marner ni mtoto wa Markham, amekua akiishabikia Toronto, akachaguliwa wa 4 kwenye drafti ya 2015. Mechi 657, pointi 741. Wachezaji wachache sana katika historia ya klabu hii wamefanya hivyo. Anazuia pia, si mshambuliaji mvivu: 2023 alikuwa mmoja wa watatu wa mwisho kwenye tuzo ya mshambuliaji bora katika ulinzi. Wanaosema hakuwa na kitu hawaijui hoki.

Lakini kuanzia 2019 Toronto ilicheza mechi tano za saba za mtoano, zile ambazo anayefungwa anarudi nyumbani: Boston 2019, Montreal 2021, Tampa 2022, Boston 2024, Florida 2025. Katika kila moja ya hizo tano ilifunga bao moja. Moja tu, mara tano. Ile ya Florida ilikuwa 6–1, nyumbani, baada ya kuongoza mechi mbili kwa bila mwanzoni mwa raundi. Timu iliyojengwa juu ya washambuliaji wanne wa bei ghali, siku ya siku, inafunga bao moja. Huwezi kumtwika Marner peke yake mzigo huo, Matthews na Nylander walikuwepo pia. Ila huwezi kuuona ukaendelea kulipa vilevile. Mmoja alipaswa kuondoka ili nafasi yake ya mshahara igawanywe, na Marner ndiye aliyekuwa na thamani kubwa sokoni na mkataba unaohamishika.

Nasema ulikuwa unahamishika. Mchezaji akifikisha miaka 27 au misimu saba ndipo mkataba wake unaweza kuwa na kifungu cha kukataa kuhamishwa. Cha Marner kilianza kufanya kazi 1 Julai 2023. Sasa tazama kalenda. Mei 2023 Toronto inatolewa na Florida kwa mechi tano. Mei 19 meneja mkuu Kyle Dubas anaondolewa. Mei 31 anaajiriwa Brad Treliving. Marner ametoka kupata pointi 99, mkataba una miaka miwili mbele. Kuna mwezi mmoja kamili ambao Toronto ingeweza kumhamisha popote, bila kumwomba ruhusa, ikapokea mali ya kweli.

Na kinachoniuma ni kwamba Treliving alilijua somo hili kuliko meneja yeyote. Mwaka mmoja tu kabla alikuwa Calgary. Kiangazi cha 2022 nyota wake wawili walimponyoka: marehemu Johnny Gaudreau alimaliza mkataba akaenda Columbus, Calgary haikuambulia chochote, siku chache baadaye Matthew Tkachuk alisema hatasaini mkataba mrefu, Treliving akamhamisha mapema kwenda Florida na akapata Jonathan Huberdeau na MacKenzie Weegar, pamoja na haki ya raundi ya kwanza. (Na kwa nafasi iliyobaki akamsaini Kadri, aliyewahi kuikataa Calgary.) Aliyaonja yote mawili, la kuchelewa na la kuwahi, ndani ya mwezi mmoja. Toronto, 1 Julai 2023 ikapita hivi hivi.

Baada ya hapo funguo zilikuwa mkononi mwa Marner, na sina neno naye: ni haki yake, aliipata kwenye mazungumzo halali. Machi 2025 iliripotiwa kote Canada kwamba Toronto ilikuwa tayari kumhamishia Carolina ili impate Mikko Rantanen, naye akakataa. Juni 30, saa chache kabla hajawa mchezaji huru, akasaini na kuhamishiwa Vegas kwa mpigo mmoja: miaka minane, milioni 96. Toronto ilishiriki kwa sababu sheria ya wakati ule ilimpa miaka minane kama anasaini kupitia timu yake, saba kama anahama peke yake, na kwa kumsaidia kuupata mwaka huo wa nane ikapewa Nicolas Roy. Senta mzuri wa mstari wa tatu. Pointi 102 za msimu ule, kwa senta wa mstari wa tatu. Nevada haina kodi ya mapato ya jimbo, na wewe unayeona makato ya Ontario kwenye hati yako ya mshahara hutashangaa kwamba milioni 12 za kule si milioni 12 za huku.

Kwa hiyo mpwa wangu asiseme "walimwacha". Kufikia 2025 hawakuwa na uwezo wa kumwacha wala kumshika. Nafasi yake ya milioni 10.9 haikupotea: Tavares alisaini upya kwa chini ya milioni 4.4 badala ya 11, na kijana Matthew Knies akafungwa kwa miaka sita, milioni 7.75 kila mmoja. Huo ndio mgawanyo niliotamani kuuona tangu 2019. Kilichopotea ni kile ambacho wangepokea Juni 2023.

Kama mnataka ubishi wenye faida nyumbani, achaneni na Marner, mwangalieni Matthews. Mkataba aliousaini Agosti 2023 ni wa miaka minne, milioni 13.25 kwa mwaka, unaisha 2028, na nao una kifungu cha kukataa kuhamishwa. Kuanzia 1 Julai 2027 anaruhusiwa kusaini mwingine. Kikomo nacho kimeanza kupanda kwa kasi, milioni 95.5 kwa 2025–26, na ligi ilitangaza kwamba kitafika 113.5 kwa 2027–28, kwa hiyo bei itakayotajwa siku hiyo itawashtua watu. Kama hatakuwa amesaini wiki za mwanzo za Julai 2027, shemeji na mpwa wangu waulizane swali moja: nani ataanza kumwomba ruhusa, na lini.